Viduara Vilivyomwokoa Wifi

Wiki iliyopita nilipeleka malaria yangu kwenye zahanati moja binafsi pale Manyoni, hizi zilizochipuka tangu serikali itoe ruksa ya hospitali za watu binafsi. Ukuta wake ni pazia lenye upenyo, kwa hiyo ugonjwa wa jirani nao unaupata.

Jirani alikuwa mwalimu aliyeishiwa nguvu za miguu, kaletwa na shangazi yake na wifi yake. Daktari mgeni kutoka Dar akasema ni maltipo sklerosisi: askari wa mwili wamegeuka, wanatafuna ganda la mishipa ya fahamu.

"Nani kawatuma?" akauliza shangazi.

Daktari akageuza kalenda ya soda, akachora viduara na mistari: vinasaba, chembe za kinga, mishipa. "Watafiti siku hizi hawamsaki mkosaji mmoja, mama. Wanachora mtandao wote, waone nani anawasiliana na nani."

Shangazi akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama anayehesabu ukoo. "Huyu mwenye mistari mingi ndiye yule tuliyemwoa kutoka kijiji cha Mitundu?"

Wifi, ambaye ndiye huyo wa Mitundu, akainamia sakafu.

"Hapana, hiyo ni chembe ya damu."

"Ya nani?"

"Ya mgonjwa mwenyewe!"

Shangazi akasonya. Alikuja na jibu lake tayari kutoka nyumbani: mchawi ni wifi.

Mgonjwa akacheka. "Afadhali iwe yangu, shangazi. Ukimfukuza wifi, nani atanibeba kwenda chooni? Wewe?"

Shangazi akamgeukia wifi: "Haya, mshike vizuri, asianguke."

Dawa yenyewe sijui watafiti wameifikia wapi. Ila aliyepona wa kwanza nimemwona: wifi.