Mkwe Wangu na Koni Zake

Mkwe wangu alikuwa mtu wa kupanga koni. Ndiyo kazi aliyopewa na manispaa. Mtaa wetu uko nyuma ya uwanja wa mpira, na siku ya mechi kubwa mashabiki wangeegesha magari hadi vitandani mwetu, kwa hiyo yeye alikuwa akiufunga kwa koni na vibao vya kukataza. Watu walimbandika jina la Koni, akaitika.

Kupendelea hakukujua. Kuna siku alilizuia gari la maiti, akaliambia lizunguke hadi mpira uishe. Lilizunguka mara tisa. Nasema tisa, na mkibisha nitasema kumi. Marehemu alizikwa akiwa anaujua mji kuliko dereva wa teksi. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana hakuwa maiti wetu.

Sasa mwaka ule timu ilipochukua kombe, sherehe ikapangwa Jumamosi, basi la wachezaji lipite mtaani kwetu. Magari marufuku tangu asubuhi, ila yenye kibali. Fomu za kibali alizigawa yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa wenye wagonjwa na wasiojiweza. Wiki hiyo mkewe, mwanangu wa kumzaa, alikuwa hospitali, kapasuliwa nyonga na kutiwa chuma. Daktari akamruhusu kutoka Jumamosi hiyohiyo, akasisitiza: mguu usikanyage chini kwa wiki sita, gari limfikishe mlangoni.

Nikamfuata kwa teksi. Kwenye kizuizi tukamkuta bwana mwenyewe, kavaa kizibao chake cha kung'aa, orodha mkononi. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, koni katikati yetu. Kisha akaanza kuitafuta namba ya teksi kwenye orodha, utadhani hakuiandika yeye.

"Baba, sogeza moja tu," mwanangu akamwambia. "Mlango wetu ule pale, nauona."

"Hamna kibali, mama watoto."

Nikamuuliza hizo fomu ziliishia wapi. Akasema zipo, nne zimebaki nyumbani kwenye droo. Ya mkewe hakuijaza kwa makusudi, watu wasije wakasema anajipendelea. Akalisema hilo kifua mbele, kama mtu anayengoja kupewa mkono.

Nilimtukana. Matusi yenyewe mengine sikuwa nayo, niliyatunga palepale, na nasikia mpaka leo wapo wanaoyatumia. Akayasikiliza yote, kisha akatuomba tusubiri basi lipite. Tusubirie wapi? Hata hapo kwenye kizuizi gari halikuruhusiwa kusimama, na mwenzake alikuwa anatupulizia filimbi.

Mwanangu akafungua mlango wa teksi mwenyewe. Mimi nikamshika upande huu, jirani yetu fundi cherehani akamshika upande ule, tukamnyanyua. Zilikuwa hatua themanini. Tulipofika kama ya hamsini, basi la kombe likachomoza kwenye kona ya chini, na umati ukaturukia kulikimbilia. Fundi cherehani akapotelea humo. Mguu ukakanyaga. Mavuvuzela yalikuwa yanalia kiasi cha kung'oa mabati, lakini mimi nilikisikia kile chuma kikisaga ndani ya nyama.

Nilipogeuka kutafuta msaada, nikamwona mkwe wangu kule juu anasogeza koni. Gari jeusi la mkubwa mmoja wa kamati ya sherehe likapita taratibu, likaenda kuegeshwa mbele ya mlango wa mwanangu. Lilikuwa na kibali.

Mwanangu akapasuliwa upya. Ule mguu sasa ni mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili, na safari hii sijaongeza chumvi.

Siku ya tatu mkwe wangu akaja wodini, kanyoa ndevu. Bosi wake alikuwa amemsifu mbele ya wafanyakazi wote, kwamba ni mtaa wake peke yake ambao haukuingiza gari hata moja kinyume cha utaratibu. Akamhadithia mkewe mwanzo hadi mwisho, pamoja na makofi aliyopigiwa. Mwanangu akamsikiliza, uso mkavu.

"Hongera, baba," akamwambia. "Sasa nenda kazini, usichelewe."

Alipotoka, mwanangu akaniomba nikamchukulie nguo zake kule nyumbani, nizilete kwangu. Nikamuuliza zipi.

"Zote, mama. Hata za kupigia deki."