Mdogo wangu alifeli kadi za picha, mbuzi wakamtetea

Wakuu, salamu kutoka Kyuso, ambako hata kivuli kinatafuta pa kujificha. Haya niliyaona mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Mdogo wangu Mwende alikuwa na miaka sita. Haongei, haangalii mtu usoni. Siku hizi tungesema autism. Wakati huo majirani walisema amerogwa, na kanisani wakaombea mapepo yatoke. Hayakutoka, kwa sababu hayakuwemo.

Siku moja akaja mwalimu wa assessment, wale wa kupima watoto, na fomu yake. Mwende akipita, anapata nafasi shule maalum huko Kitui mjini. Akifeli, anakaa nyumbani maisha yote.

Mwalimu akapanga kadi za picha. Meli na meli. Mtu wa theluji na mtu wa theluji.

Theluji, wakuu! Kyuso! Sisi hata mvua tulikuwa tunaisikia kwa redio.

"Tafuta inayofanana na hii."

Mwende akainusa kadi, akaitupa. Mwalimu akafunika nyingine, akauliza ilikuwa ya nini. Mwende akaangalia mlango.

Kalamu ikaandika: hana kumbukumbu, hawezi kulinganisha. Dakika kumi tu! Nikikumbuka ile kalamu, kichwa kinaniuma mpaka leo.

Mama akachukua mkoba wa mwalimu, akaukalia.

"Mwalimu, ngoja mbuzi warudi."

"Mama, lori litaniacha!"

"Likuache. Utakula muthokoi, mahindi na maharagwe yako jikoni."

Kwetu vitoto vya mbuzi hubaki zizini mchana, mama zao wakienda malishoni. Jioni kila kimoja kinapelekwa kwa mamake, na mbuzi hakubali kunyonyesha kitoto ambacho hakukizaa. Vyetu karibu vyote vilikuwa vyeusi. Mimi mkubwa nilikuwa nakosea kila siku, napigwa pembe.

Mbuzi wakarudi na vumbi lao jekundu.

"Chagua chochote, mwalimu," Mama akasema.

Akachagua. Mwende akakibeba, akapenya kundi bila kusita, akakiweka chini ya mamake. Kikanyonya. Cha pili, kikanyonya. Kufika cha saba, mwalimu alikuwa amevua miwani.

"Lakini mama, fomu haina mahali pa mbuzi."

"Si iko na pembeni? Andika hapo."

Akaandika pembeni, herufi ndogo kama siafu kwa foleni. Yale maneno ya pembeni ndiyo yalimpeleka Mwende shule.

Nilichojifunza: kabla ya kumpima mtoto, uliza anafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Na bado nina hasira. Ni wangapi waliandikiwa "hawezi" kwa sababu lori lilikuwa linangoja na mama yao hakukalia mkoba?

Mlio na watoto kama Mwende, andikeni hapa chini: anajua nini ambacho hakuna fomu imewahi kumuuliza?