Mashine Nane za Korosho na Kosa Langu Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mlango wa mtu. Karakana ilikuwa Nachingwea mjini, mimi nimetoka kwetu Mandawa, Ruangwa, na brashi ya rangi sikuwahi kuishika. Nikapaka rangi juu ya kutu. Fundi Mkuu, ambaye ndiye mwenye karakana, aliikwangua kwa bisibisi mbele ya mafundi wote.

"Somoe," akaniambia, "rangi ni nguo, si dawa. Mgonjwa ukimvika kanzu mpya, bado anaumwa."

Walicheka, nami nikacheka nao, maana ukinuna kwenye karakana ya wanaume wamepata mchezo wa mwaka mzima. Siku hiyohiyo nilijifunza kupiga msasa, yaani kusugua chuma mpaka king'ae, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu, na ile ya urembo ije mwisho. Mpaka leo mlango uliopakwa ovyo naujua hata nikiwa juu ya bodaboda.

Tulianza na mageti na madirisha. Baadaye Fundi Mkuu akabuni mashine yake ya kubangulia korosho. Mbanguaji anakaa, anaweka korosho moja katikati ya visu viwili vilivyopinda, anakanyaga pedali visu vibane ganda, kisha anavuta mkono wa chuma ganda lipasuke na punje itoke nzima. Lakini korosho sharti ipitishwe kwanza mvukeni na kukaushwa. Ukibangua mbichi, punje inavunjika na mafuta ya ganda yanakubabua vidole. Wakulima wa Naipingo na Marambo walizipenda mashine hizo, na sisi tukaacha kugombania wateja wa madirisha.

Nilihamishiwa tawi letu la Ruangwa, chini ya Mkuu wa Tawi, mtu mkimya aliyependa makaratasi kuliko chai. Ndiye aliyenifundisha orodha ya mizigo, karatasi inayotaja kila kilichomo ndani ya kila kasha. "Kama hakimo kwenye orodha," alikuwa akisema, "hakimo duniani." Nilimwona mchoshi. Mungu amsamehe, na mimi anisamehe, kwa sababu alikuwa sahihi.

Niliporudi Nachingwea nilikuwa Msimamizi wa Usafirishaji. Cheo kikubwa, ofisi meza moja na kiti kinachoyumba. Karakana ilikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote: mashine haikutoka bila kifuko cha korosho za mvuke, zikiwa na maganda yake, ili mteja aijaribu palepale inapofika. Kwetu kumpelekea mtu chombo kitupu ni kumkosea adabu, na mashine tuliihesabu chombo. Vifuko hivyo nilivifunga kwa mikono yangu.

Ndipo likaja agizo la Msumbiji. Mama Atija, mfanyabiashara wa upande ule, aliiona mashine yetu kwenye simu ya ndugu yake akataka nane. Hatukuwahi kuvusha hata bawaba. Fundi Mkuu aliniita, akafunga mlango.

"Somoe, nimeweka kila kitu kwenye hizi nane. Zikivuka, tunakuwa watengenezaji wa mashine. Zikirudi, narudi kwenye mageti, na wewe unarudi kwenye brashi."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilitafuta wakala wa forodha, mtu anayejua njia za makaratasi mpakani. Nikaandaa ankara, orodha ya mizigo na cheti cha uasili, karatasi inayothibitisha bidhaa imetengenezwa Tanzania. Nilivikagua vyote mara tatu. Tukapakia, tukapita Masasi, tukateremka mpaka Mtambaswala, penye daraja la Ruvuma. Mama Atija alikuwa ng'ambo na gari la kukodi, na alikwishanieleza kwa simu kwamba gari lile halitamsubiri zaidi ya siku hiyo.

Mkaguzi wa forodha upande wetu akafungua kasha la kwanza. Akatoa kifuko, akakifungua, akamwaga korosho kiganjani. Akafungua la pili. Kifuko. La tatu. Kifuko.

"Mama, korosho za maganda zina vibali vyake. Hapa naona mashine kwenye karatasi, na korosho ndani ya mashine. Huku si kuficha?"

Desturi yetu nzuri, niliyoifanya Naipingo na Marambo bila kufikiri, mpakani ilikuwa sura ya magendo. Na kwenye orodha sikuiandika. Nani anaandika zawadi?

Wakala akaninong'oneza, "Sema hukujua zimeingiaje."

"Nimezifunga mwenyewe," nilisema, na nilisema kwa sauti ili Mkaguzi asikie. "Kosa ni langu, kiongozi. Lakini si magendo. Mtu wa magendo anabeba korosho mbichi. Hizi zimepita mvukeni, ni za kujaribia mashine. Niruhusu nizibangue hapahapa, upande wetu. Punje ikivunjika, niandike mwongo na gari ligeuke."

Akanirudishia kifuko. "Bangua."

Tulishusha mashine moja. Nikapaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasinibabue, nikakaa, nikakanyaga. Korosho ya kwanza ilitoka nzima, nyeupe. Ya pili nzima. Ya kumi nzima. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Mkaguzi akaokota punje, akaigeuza kama mtu anayekagua jino lake mwenyewe, akaiweka mezani.

"Mashine ya tano," akasema. Alidhani nimechagua moja nzuri. Tukashusha ya tano, nayo ikafanya kazi ileile.

Wakati huo Mama Atija alikuwa amevuka daraja kwa miguu kuja kuona tunachelewa nini. Kimakua chake na cha bibi yangu mzaa mama ni kimoja, tukaamkiana kama watu wa ukoo. Akanitoa kitini, akabangua mwenyewe, akacheka kwa nguvu. "Dada, hizi zote nane ni zangu! Usimwachie mtu hata moja!" Wanawake wawili wa kwao waliokuwa wakipita wakaomba namba yangu ya simu papo hapo.

Mkaguzi akatoa uamuzi. Korosho zote zirudi Nachingwea, na orodha iandikwe upya. "Kila kilichomo, mama. Hata msumari." Niliandika huku namkumbuka Mkuu wa Tawi kwa kila mstari. Mashine zikavuka. Nilisimama nikilitazama gari la Mama Atija mpaka likapotea, kisha nikalia mbele za watu bila aibu yoyote.

Fundi Mkuu nilimpigia simu. Nilisikia tu anawapigia kelele mafundi wazime grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na vigelegele vya mama ntilie wa jirani. Wale wanawake wawili waliagiza, na ndugu zao wakafuata. Mpaka ninastaafu, mashine zetu zilikuwa zimevuka mara nyingi kuliko nilivyovuka mimi, na hakuna hata moja iliyorudi. Brashi sikuishika tena.

Ninyi mnaoanza, mtaambiwa mpaka ni maafisa na mihuri. Mpaka ni mahali ambapo mazoea yako hayajulikani. Yaandike.

Niliagwa mwaka huu. Zuhura, binti niliyemfundisha kazi na sasa anakalia kiti changu kinachoyumba, alinikabidhi kasha. Ndani mlikuwa na mashine mpya, ya kwangu, niende nayo Ruangwa. Chini ya pedali palikuwa na kifuko. Nikamtazama kwa jicho kali, naye akanipa karatasi.

Orodha ya mizigo. Mashine ya kubangulia, moja. Korosho za mvuke zenye maganda, kifuko kimoja. Majivu ya vidole, kopo moja.

Nilisaini.