Dumu la Oili Alilolilinda Kaka

Kaka yangu alifia Ngombezi, kwenye kambi ya wakata mkonge, kwa ugonjwa wa kifua. Tulimzika nyumbani, Chanika. Baada ya maziko, mimi na mama tulikwenda kuchukua vitu vyake. Jirani yake, mama mmoja mtu mzima, alitutolea shuka, panga, redio, na dumu jeusi la oili ya gari, limejaa nusu.

"Hili lilikuwa chini ya kitanda miaka yote," alituambia. "Ukimwambia awape mafundi, hakusemeshi siku nzima."

Mama yangu alitaka kulimwaga hapo hapo. Nilimkataza, kwa sababu nilijua ni oili gani.

Kaka hakuzaliwa mkata mkonge. Alikuwa dereva wa lori la mzee mmoja mfanyabiashara wa Mkata. Alikuwa akipeleka machungwa mikoa ya juu na kurudi na viazi. Safari yake ya mwisho alilala Makete, mwezi wa saba, na alipoamka alikuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Akapiga stata. Alinisimulia asubuhi ile mara nyingi mno, kwa sauti ile ile: jinsi injini ilivyojivuta kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, ikawaka, na taa nyekundu ya oili ikagoma kuzimika. Aliizima haraka. Alipoiwasha tena iligonga, ikagonga, halafu ikakwama kabisa.

Lori lilirudi Mkata likivutwa. Fundi alipofungua injini alikuta beringi zimeungua kwa kukosa oili. Sasa, oili ile mzee aliinunua kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa sintetiki, oili ya kutengenezwa kitaalamu, ya bei kubwa, na muuzaji alimhakikishia kwamba haigandi hata kwenye theluji. Kwa hiyo mzee akaona jambo liko wazi: dereva ameuza oili nzuri njiani, akaweka takataka.

"Sikuiuza," kaka alisema mbele ya watu. "Iliyobaki hii hapa."

Akaliinua lile dumu. Hakuna aliyetaka hata kulifungua.

Maneno yalifika Chanika kabla yake. Dereva mwizi wa oili hapewi gari na mtu. Alizunguka kutafuta kazi mpaka akachoka, akaenda Ngombezi kukata mkonge, na nyumbani akawa anakuja sikukuu tu, anakaa karibu na mlango.

Mwaka mmoja baada ya kufa kwake nilipata kazi Korogwe, kwenye maabara ndogo ya kampuni ya malori. Kazi yetu ni kupima oili: imechoka kiasi gani, ina chembe za chuma, ina maji. Kwa kuwa malori mengi yanapanda mikoa ya baridi, tuna pia mashine za kugandisha. Oili unaiweka kwenye kichupa, unashusha joto kidogo kidogo, na kila hatua unakitoa kichupa na kukiinamisha uone kama bado inatiririka. Sintetiki ya kweli utashusha joto mpaka mikono yako ife ganzi kwa kushika vichupa, nayo bado inasogea.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kusikia lori. Kila kipupwe kilipoingia, asubuhi, akiwa anawasha moto wa chai, alisikia mtu anapiga stata nje, upande wa barabarani. Akifungua mlango, hakuna kitu. Hakuwa analia anaponisimulia. Alisema tu, "Halijawaka leo pia." Nilikwenda likizo, nikakaa naye jikoni, na asubuhi ya pili nikalisikia. Sikumwambia. Alinitazama usoni, akanimiminia chai.

Niliporudi kazini nilibeba dumu. Nilimweleza mkuu wangu ukweli wote. Alikubali nipime, ila akanionya: "Oili ya miaka mingi inaweza kubadilika. Usitafute unachokitaka."

Hapa Korogwe kwenye joto, ile oili ilikuwa nzuri kuitazama. Rangi ya asali, inamiminika vizuri. Niliiweka kwenye baridi. Hata kabla ya kufika sifuri ilianza kuwa na ukungu. Chini ya sifuri kidogo tu, nilikiinamisha kichupa na haikusogea. Ilikuwa imeganda kama mafuta ya nazi. Nikaihamishia kwenye mashine ile yenye mota ndogo inayozungusha oili ndani ya baridi, kuiga injini inayowashwa. Mota ikavuta, ikalegea, ikavuta tena. Niliijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akiiigiza kaka kwa mdomo wake, amekaa karibu na mlango. Nilizima mashine, nikaenda kumwita mkuu.

Mkuu alirudia vipimo vyote mwenyewe. "Haina sintetiki hata tone," alisema. "Ni oili chafu iliyosafishwa, imejaa nta. Na nta haiingii kwa kukaa kwenye dumu. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza."

Nilipanda basi kwenda Mkata. Mzee nilimkuta mbele ya ghala lake, amezeeka sana, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wa nani wewe?"

Nilipomtaja kaka, hakuuliza tena. Nilimweleza polepole: oili iligandia ndani ya injini, haikufika kwenye beringi, na dereva yeyote angekutwa na yale yale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliinunua mimi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Na wewe walikudanganya."

Alinyoosha fimbo kuelekea nyuma ya ghala. Lori lilikuwa pale, limeota majani mpaka madirishani. "Kila kipupwe kuna mtu analipiga stata," alisema. "Nilitoa betri. Nikauza na stata yenyewe. Bado nasikia."

Ijumaa iliyofuata alikuja Chanika. Baada ya swala alisimama msikitini, akawaambia watu kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa, akamtaja kwa jina lake na la baba yake. Kisha akaja nyumbani. Mama alimpa kiti.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Mimi nimekusamehe," mama alisema. "Yeye utamwomba mwenyewe."

Tukampeleka kaburini, sisi tukabaki pembeni. Alikaa chini kwa taabu, akaweka fimbo kando, akaanza kuzungumza. Nilidhani ni dua. Lakini alikuwa anauliza, ananyamaza, kama anayesikiliza, halafu anajibu. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Mwishoni mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubali sharti, akainuka. Tulipomuuliza njiani alikuwa anazungumza nini, alisema hilo ni la kwake na dereva wake.