Nilimlaza Shujaa Wangu Kwenye Kaburi la Watu

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mniseme mtakavyo, ila nisikilizeni kwanza.

Mimi na dada mmoja, nitamwita Wande, tunachora katuni za mashujaa hapa Mwanza. Vitabu viwili, dunia moja. Shujaa wake akivunjika mkono kwake, kwangu anatokea na bandeji. Wake ni Nyamizi, binti mkali anayelinda ziwa upande wa Busisi, hacheki hata kwa dawa. Wangu ni Furu, kibonge wa Kiseke, akila dagaa anainua basi. Wake wa kuliza, wangu wa kuchekesha. Tulikubaliana ukiingia kwa mwenzio unafuata hali ya nyumba yake.

Wande akachora toleo la Nyamizi kumzika mama yake. Alilihangaikia miezi, maana naye alimzika wake mwaka jana. Zikiwa zimebaki kurasa mbili, homa ikamlaza. Akaniambia, "Kaka, nichoree waombolezaji tu. Usiongeze kitu."

Jamani, mkono uliniwasha! Nikajiambia, si Furu ni mtani wa ukoo wa Nyamizi? Msibani mtani ana ruhusa. Nikamlaza chali kaburini, anadai hatoki mpaka aletewe sato wa kukaanga. Nilicheka peke yangu mpaka nikamwaga wino. Nikapeleka kwa mchapaji bila kumwonyesha.

Stendi ya Buzuruga kitabu kiligombaniwa. Ila toleo lililofuata, Nyamizi analia kaburini peke yake, wasomaji wakacheka. Wakauliza sato yuko wapi.

Nikaenda kuomba radhi.

"Mtani anatania, halafu anashika jembe anachimba na wenzake," Wande akasema. "Wako alidai samaki akaondoka."

Hakupandisha sauti. Iliniuma kuliko matusi.

Mwezi uliofuata kitabu chake kikatoka. Furu kafa maji akiokoa watu wa mtumbwi. Kurasa nane, hamna kicheko hata kimoja. Nikampigia simu mbio, namsihi amfufue.

"Dunia si moja, kaka? Aliyekufa kwangu kafa na kwako."

Aibu yenyewe ni kwamba zile kurasa nilizisoma nikilia kwa kwikwi, mtu mzima na ndevu zangu. Nyamizi ndiye aliyemfunga sanda.

Ninyi mnaochora na wenzenu, mkiambiwa msiongeze kitu, msiongeze. Mimi nina kitabu cha vichekesho, na wasomaji wake wananitumia pole.