Nyanya Ndani ya Kabati la Nguo

Hasira za Mama Mvuke zilijulikana ghorofa nzima. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, kutwa amesimama katikati ya mvuke, na jina lilitokea huko. Waliomtania, tena kwa mbali, walisema hata yeye mwenyewe akichemka humsogelei. Mumewe alipohama alibeba nguo zake zote, akaacha kabati tupu la milango miwili, limeziba nusu ya ukuta. Hakuaga. Mama Mvuke alilia siku ile tu. Baada ya hapo, kila alipofumbua macho asubuhi na kuliona lile kabati, alikasirika upya.

Siku moja akaamua kulipatia kabati hilo kazi. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu, dirisha linatazamana na ukuta wa jengo jingine, jua halifiki, na yeye tangu zamani alitamani kupanda nyanya. Aling'oa fimbo ya kutundikia nguo, akabandika karatasi ya kung'aa kuta zote za ndani, akafunga taa juu na kupanga makopo ya miche chini. Darini mwa kabati akatoboa tundu na kupachika feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, ivute hewa ya moto na kuitoa nje. Nyuma, karibu na sakafu, akatoboa katundu ka kuingizia hewa, kadogo kama kifuniko cha chupa.

Miche ikaota vizuri, kisha ikaanza kuugua. Ile feni ilifanya kazi kama mtu anayepuliza uji huku anasinzia. Joto la taa lilibaki ndani, matone yakateremka milangoni, ukungu mweupe ukatanda juu ya udongo. Akamweleza shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa friji na viyoyozi. Wenzake walimwita Zidisha, kwa sababu kila tatizo alikuwa na dawa moja tu: kuzidisha.

"Hilo dogo, shemeji," alisema Zidisha. "Niachie ufunguo."

"Nakuachia uje upime. Usifunge kitu mpaka nirudi."

"Wewe nenda kazini. Utanishukuru."

Jioni Mama Mvuke alianza kuusikia mngurumo akiwa bado kwenye ngazi. Jirani alikuwa mlangoni mwake, mikono kiunoni. "Hapo kwako ni nyumba au kiwanja cha ndege?" Mama Mvuke alimpita. Aliingia, akashika mlango wa kabati, ukagoma. Hewa ilikuwa imeunyonya. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa mikono miwili mpaka ukaachia kwa kishindo. Ubao wa nyuma ulikuwa umebonyea kwa ndani kama shavu la kibogoyo. Miche imejikunja, majani makavu yanavunjika yakiguswa. Na juu, pale ilipokuwa feni yake ndogo, lilikaa feni la kutolea moshi jikoni, la hoteli iliyofungwa, linanguruma kwa kiburi.

Zidisha alikuwa ameketi kitandani anatabasamu. "Umeona upepo huo?"

"Zima."

"Shemeji, hata hujajaribu—"

"Nimesema zima!" Sauti ilimfanya jirani arudi ndani kwake. "Nilikuambia usifunge kitu. Nilikuambia au sikukuambia? Wote mna damu moja nyinyi! Mnaingia kwangu, mnafanya mnachotaka, halafu mnangoja shukrani!"

"Mimi si kaka yangu," Zidisha alisema, naye sasa amekasirika. "Nimebeba hili dude ghorofa zote hizo peke yangu!"

"Na hewa itaingilia wapi? Ona katundu kenyewe! Unamziba mtu pua halafu unamwambia akimbie!"

Zidisha alichungulia nyuma ya kabati. Kisha akanyanyuka, akalizima feni.

Mama Mvuke hakungoja aombwe radhi. Alichukua msumeno, akapanua lile tundu la chini mpaka ngumi ikapita, akaongeza jingine kando yake, akayafunika kwa kipande cha chandarua wadudu wasiingie. Kila alipokata, alimtukana mumewe kimoyomoyo, na msumeno ukaenda vizuri. Wakajaribu kulipunguza kasi feni la hoteli kwa swichi ya feni ya dari. Likawa linalia mmm, mota ikapata moto, na bado lilivuta kupita kiasi. Mwisho Zidisha akalishusha, akaenda kwake, akarudi na feni ya bafuni, ya wastani.

Mama Mvuke akashikilia kipande cha karatasi laini mbele ya matundu. Zamani, na ile feni ndogo, kingening'inia tu. Sasa kiliinama kuelekea ndani, taratibu, kikabaki hivyo. Miche iliyosalia ilitikisika kidogo, kama watu wanaoitikia mazungumzo. Mlango ukafunguka kwa kidole. Wiki zilizofuata mashina yalinenepa, maua ya njano yakatoka.

Ndipo mume alipotokea. Hakubisha hodi.

"Nimefuata kabati langu."

Mama Mvuke alimtazama mpaka yule bwana akaangalia pembeni. Kisha alizima taa, akaichomoa pamoja na feni, akatoa makopo moja moja na kuyapanga sakafuni. Zidisha, aliyekuja kusafisha feni, akasema, "Kaka, hapa umekosea."

"Usiniingilie." Mume akaona matundu. "Mmeliharibu kabati langu!"

"Ulihama na nguo ukaacha kabati," alisema Mama Mvuke. "Leo hama na kabati, utuachie pumzi. Beba!"

Akaliburuta peke yake, maana Zidisha alikunja mikono. Kwenye ngazi lilimshinda, akalitelekeza. Wapangaji walilalamika, lakini Mama Mvuke alikataa katakata kulipandisha. "Mwenyewe anazijua ngazi," alisema. Mwishowe mlinzi wa jengo akalipasua kuni.

Hasira hiyo ilimgharimu. Miche ilikaa dirishani bila mwanga, na maua mengi yakapukutika kabla Zidisha hajaleta ganda la friji bovu, liwe kabati jipya. Safari hii alisimama na keekee ya kutobolea mkononi, akauliza, "Tundu la kuingiza nitoboe wapi, shemeji?" Akaonyeshwa. Akatoboa hapohapo.

Nyanya zilizoiva zilikuwa chache, ndogo, zenye ganda gumu. Mama Mvuke alikata ya kwanza kwa kisu, akampa shemeji yake nusu, wakala wamesimama. Mama Mvuke hakumsamehe mumewe, wala hakujidai amemsamehe. Aliinua chupa ya maji na kuanza kumwagilia yale makopo mengine.