Bwawa Langu la Mahari

Wasichana wenzangu wa Gitega walipoulizwa wanataka mahari gani, walitaja cherehani, vitenge, au kitanda cha mbao nzuri. Mimi nilitaja bwawa la kuogelea. Nilisema kwa ukaidi tu, nikiwa nyuma ya pazia, mdomo umenitangulia kama kawaida yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, vita vilikuwa vimetukalia shingoni, na nilikuwa nimechoka kuwa msichana mwenye busara.

Sebuleni wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mchumba wangu, aliyeruhusiwa kukaa karibu na mlango. Alikuwa fundi mwashi wa Muyinga, amekulia ukimbizini Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka utadhani kimepigwa pasi. Alikuja kwetu kujenga upya ukuta wa duka la baba, akakaa wiki tatu kwenye ukuta wa siku nne. Sasa nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi, "Urefu gani?" Hapo ndipo nilipompenda kabisa.

Wala sikuwa mwendawazimu. Utotoni nilikaa miaka minne kwa mama mdogo huko Rumonge, kando ya Tanganyika, na wasichana tulikuwa tukiingia ziwani alfajiri, wanaume hawajaamka. Nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Kisha nikarudishwa Gitega, milimani, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyaona yalikuwa ndani ya karai. Nilitaka uwanja wenye ukuta mrefu, na maji ndani yake, na macho ya mtu yeyote yasinifikie.

"We mtoto, iko na wazimu?" mama aliniuliza wageni walipoondoka. "Wenzako wanaomba masini ya kushona, we unaomba pisini?"

Lakini aliyetuingiza kwenye shughuli kweli kweli alikuwa sheikh. Yeye hakupinga. Alisema mwanamke ana haki ya kutaja anachokitaka, ila mahari lazima ijulikane: urefu, kina, na limejengwa kwa kitu gani. "Shimo lenye maji," alisema, "si mahari, ni ajali." Hatasoma ndoa mpaka aambiwe ni bwawa la nini. Urefu na kina tulikubaliana kabla chai haijapoa. Hilo la tatu likatuchukua mwezi mzima, na mtaa mzima ukawa na maoni.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Mhindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na karo za buluu, vile vigae vya kubandika ukutani, zilizomkwamia tangu kabla ya embargo, nchi jirani zilipotufungia biashara: boksi tatu, zenye maua ya aina mbili yasiyopatana. Alizifuta moja moja kwa mkono wa shati lake. "Chukua karo, binti yangu. Hata mabalozi hawana." Niliiweka moja shavuni, ikawa baridi tamu, na mchana ule wote nilikuwa tayari kuolewa na karo. Mchumba wangu akapima kwa kamba, akapiga hesabu kwa vidole, akasema zinatosha ukuta mmoja. Kuta nyingine tatu zingengoja embargo iishe. Jirani akasema hakuna haraka, yeye amezingoja miaka mingapi.

Mchumba mwenyewe, ili awe mkweli, alitaja na udongo. Huko Giteranyi, alisema, kuna watu wanaochimba mabwawa ya samaki na kuyakanyagia udongo wa mfinyanzi kwa miguu mpaka yashike maji. Ni rahisi, lakini ningetoka mchafu kuliko nilivyoingia, na vyura ningepewa bure. Nilicheka hadi nikaketi chini. Udongo ukaondoka mjadalani.

Ndipo mama akaleta turubai la lori, jipya, lililopita mpakani Kobero kwa njia zake. Yeye aliliita shitingi, kama yale ya wakimbizi. Tukachimba shimo dogo uani, tukalitandika, tukamwaga ndoo kumi na kitu, na mimi nikaingia na nguo zangu zote kulijaribu. Nikikaa, maji yalinifika kiunoni. Nikapiga kelele za furaha mpaka mbuzi wa jirani akaja kuona kuna nini, akainama kunywa, akateleza, akanikuta humo ndani. Kwato zake zikalitoboa turubai, maji yote yakaishia ardhini. Tulibaki mimi na mbuzi tumekaa kwenye turubai tupu, tunatazamana.

"Itashonwa," mama alisema. Hakuwa akicheka; alikwisha kusikia kwamba fundi wangu anawazia sima, yaani saruji. "Sima iko inabaki pale pale. Shitingi, siku ya kukimbia, unakunja, unabeba. Mvua ikinyesha njiani, mnalala chini yake na watoto wako."

Kicheko changu kikaishia hapo. Tulikuwa tumekimbia mara mbili. Mara ya pili tulilala wiki tatu kwenye sakafu ya darasa Mushasha, watu watano na shuka moja, na mama alipofungua alichokiokoa nyumbani kwa haraka ile, kilikuwa mfuniko wa sufuria, bila sufuria. Alijua anachokisema. Baba alikuwepo, akayasikia yote.

Mchumba wangu alikwenda kwao Muyinga, ambako ndiko tungehamia na bwawa letu, akarudi na kitu mfano wa bakuli kubwa alichokifinyanga kwa sima na kokoto, ndani kapaka niru, ile sima tupu inayolainisha. Akakijaza maji, akakiacha uani siku tatu. Hakikuvuja tone. "Mimi nimezaliwa ndani ya hema," aliniambia, wadogo zangu wakiwa wamekaa kati yetu. "Sitaki kujenga hema lingine, hata la maji. Lakini mahari ni yako. Utakalotaja ndilo nitakalojenga."

Mama aliposikia, alisema kama ni sima, basi siku ya ndoa nisimtafute. Nilimjua, hakuwa mtu wa kutishia bure. Sikutaka kuolewa bila mama yangu, na sikulitaka turubai. Nililia juu ya jambo hilo, nikajiona mjinga kwa kulia juu ya bwawa, nikalia tena.

Siku ilipofika alikuja, lakini alikaa pembeni ya chumba na kunipa mgongo, huku mashangazi wakinivisha na kuninong'oneza, "Sema shitingi, umfurahishe mama yako." Baba akaja mlangoni na sheikh na mashahidi wawili.

"Binti yangu, we unakubali kuolewa na huyu?"

"Nakubali."

"Kwa mahari ya pisini?"

"Ya pisini."

"Ya nini?"

Mgongo wa mama haukutikisika.

"Ya sima, baba."

Kisha baba akauliza taratibu, si kwa ajili ya sheikh, "Na siku vita ikikuja huko Muyinga?"

"Itanikuta ndani ya maji."

Nilidhani nimeharibu ndoa na adabu kwa mpigo mmoja. Halafu nikamsikia baba nyuma ya mlango akianza kucheka, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka mashahidi nao wakashindwa kujizuia. "Andika sima," alimwambia sheikh. "Huyu amekataa kubeba."

Mama aliinuka. Alinijia, macho mekundu, akanifunga upya mtandio ambao mashangazi walikwisha kuufunga vizuri tu, akaukaza hadi nikaona nyota. Kisha akageukia mlango na kupaza sauti ili wanaume wamsikie.

"Basi waandike na ngazi," alisema. "Mi sijui kuogelea."